Mtu wa kilo tatu

Jamani, mtoto ana kilo tatu na gramu mia mbili. Nishabeba matikiti mazito kuliko yeye. Lakini ikifika saa ya kumwogesha, nyumba nzima inasimama kama kuna posa.

Sheria ya kazi imenipa baba mzazi siku 3 za likizo. Mbili ziliishia kwenye benchi nje ya wodi, nimekumbatia chupa ya uji wa pilipili manga. Ya tatu nikasema hii ni ya kulala. Saa kumi na mbili asubuhi, sauti ya mama mkwe dirishani: "Baba, bandika maji."

Maji gani? Bomba halijatoa tangu Jumapili. Nilikuwa na madumu mawili tu ya lita 20, niliyonunua kwa kijana wa mkokoteni. Moja likaenda kwa mama mtu, maana mzazi lazima akandwe, na maji yasiyomtoa kelele hayahesabiki. La pili likawa la bwana mdogo. Mimi sikutajwa kwenye bajeti.

Haya, joto. Nesi alisema yawe vuguvugu, tupime kwa kiwiko. Nikapima: ya moto. Mke wangu akaletewa beseni kitandani, akapima: ya baridi. Mama mkwe akazamisha chake, akanitazama kwa huruma: "Baba, haya umeyabandika au umeyaonyesha tu jiko?" Kiwiko cha mtu aliyesonga ugali wa misiba miaka arobaini, huyo moto atausikia wapi? Jirani, aliyekuja kusalimia tu, naye akachovya. Wakati huo maji yalishakuwa ya baridi kweli. Nikarudi kupuliza mkaa.

Hatimaye mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto kwenye miundi. Mtoto ukimpaka sabuni anateleza kama kambare, na shingo bado haina msimamo. Mimi nikapewa kazi moja: kulinda kitovu. Nesi alituambia kisipakwe kitu, kikauke na kudondoka chenyewe. Mama mkwe hana neno na nesi, ila anataka kujua kitadondokea wapi. Mtoto wa kiume, kikimwangukia pale, ndiyo basi, hatazaa. Najua ni imani tu. Nimesoma. Lakini wewe ungejaribisha kwa mwanao? Nikachuchumaa, mkono nimeukinga kama golikipa anayesubiri penalti.

Penalti ikapigwa. Mkojo ukapanda, ukanipata kwenye kola, uliobaki ukaingia besenini. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mzima huyo!" Bomba pekee linalotoa mtaa mzima, na linanilenga mimi.

Akafutwa makwapa, akafutwa mikunjo ya shingo ambako maziwa huwa yanajificha, akapakwa mafuta, akafungwa khanga mbili na sweta, Dar es Salaam hii, mwezi wa pili. Akalala. Na wote wakalala, jirani naye akakuta mkeka.

Nikaja taratibu nijiegeshe pembeni. Mke wangu akafungua jicho moja: "Baba Nanihii, usimkaribie mtoto hivyo. Unanuka moshi. Kaoge kwanza."

Nikatikisa madumu. Makavu. Nikaliangalia beseni. Nikazamisha kiwiko.

Vuguvugu safi kabisa.