Sentimita moja tu imenilaza na kabati koridoni

Jamani nacheka saa hizi ila juzi nilitamani kulia. Nina futi kamba yangu ya miaka mingi, kile kichuma cha mbele kilishang'oka na sentimita ya kwanza ikaondoka nacho, kwa hiyo inaanzia kwenye 1. Halafu ina kutu, ukiivuta ikifika nusu mita inagoma. Nikajifanya mjanja, chumba si kina tailsi, napima moja nazidisha! Nikapima, 41. Upande wa ukuta ziko 10, basi ukuta 410. Kitanda 180 na meza 120 vipimo vyake ninavyo kwa fundi aliyevitengeneza, toa hapo, inabaki 110. Nikaagiza kabati la 108, nikaacha sentimita mbili za kupumulia, tena nilivyokuwa najisifu kwa hizo mbili!

Kabati limekuja, watu wanne wanalisukuma, haliingii. Tukageuza. Haliingii. Fundi akachomoa futi yake, akalala chini akapima, akaniangalia kama mgonjwa: "Bosi, nafasi hapa ni 100." Nikabisha wee, mpaka akaiomba futi yangu, akaigeuza, akapapasa pale mbele pasipo na kitu. Akanyamaza. Kile kimya kiliniuma kuliko angenitukana.

Tailsi ilikuwa 40. Mimi nililizidisha kosa mara 10 bila kujua, ukuta ukaongezeka sentimita 10. Na hapo bado ni asilimia 2.5 tu kama kwenye tailsi moja, nani atashtuka? Balaa ni kwenye kutoa. Ukitoa kitanda na meza namba inapungua ila kosa halipungui hata kidogo, lile 10 limekaa vilevile, sasa 10 kwenye 100 si asilimia 10 hiyo! Na kikokotoo kilinipa jibu safi kabisa, hakina aibu kile.

Zulia ndo usiseme. Nilizidisha 410 kwa 328 wakati chumba ni 400 kwa 320, kosa la urefu na la upana yakashikana mikono, eneo likazidi asilimia 5 na ushee. Limepanda ukutani pande mbili.

Fundi akachukua penseli sikioni: "Nikate kabati au kitanda?" Mke wangu akajibu toka jikoni, "Anza na hiyo futi."

Kabati bado liko koridoni, tunapita kiubavu. Jana nikataka nipime kama litaingia chumba cha watoto, futi siioni, na humu ndani hakuna anayejua ilipo.