Matofali au vipande: uvumilivu wa aina mbili katika fedha za familia

Ukipita Chanika, Kivule au Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, utaona viwanja vingi ambavyo bado havina nyumba ila vina rundo la matofali ya inchi sita, yamepangwa vizuri, mengine yameota ukungu wa kijani upande usiopigwa na jua. Rundo hilo ni akiba ya familia. Wenyewe wamepanga vyumba viwili mahali pengine, na kila mwisho wa mwezi huongeza matofali hamsini au mifuko miwili ya saruji. Siku hizi utaratibu huo umepata mshindani: vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, yaani sehemu ndogo ambazo mtu hununua katika fedha za wengi zinazowekezwa pamoja, hasa mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoisimamia, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianzishwa mwaka 2005, pamoja na hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo wananchi huipa serikali kwa riba, zinazouzwa kupitia Benki Kuu kwa muda unaofika hadi miaka 25. Vijana huwaambia wazazi wao kwamba matofali ni fedha iliyolala, na wazazi hujibu kwamba karatasi haimkingi mtu na mvua.

Kwa hesabu kavu, vijana wana hoja. Familia inayoweka Sh100,000 kila mwezi kwa miaka mitano huwa imetoa Sh6 milioni mfukoni. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba fedha hiyo inakua kwa asilimia 12 kwa mwaka na faida inaongezwa kila mwezi, mwisho wa miaka hiyo itakuwa imekaribia Sh8.2 milioni. Ikinunua matofali ya Sh1,500 kila moja, familia itakuwa na matofali 4,000, na hakuna lililozaa. Hata hivyo hesabu hii inaficha mambo mawili. Faida ya mfuko si ahadi, kwani hupanda na kushuka. Na matofali yakishaezekwa bati huanza kulipa kwa njia ambayo haionekani kwenye taarifa ya akaunti, yaani kodi inayokoma. Anayepanga kwa Sh150,000 kwa mwezi na kudaiwa miezi sita kwa mkupuo anaijua vizuri hiyo Sh900,000.

Wazazi nao hawakuokota msimamo wao barabarani. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifikia asilimia 19.8, na aliyekuwa na fedha benki aliiona ikiyeyuka wakati saruji ya jirani yake ikipanda thamani ikiwa stoo. Kwa miaka ya karibuni mfumuko umekuwa chini ya asilimia 5, kwa hiyo hoja hiyo imepungua makali, lakini kumbukumbu haifutwi na takwimu za mwaka mmoja. (Ingawa hata nyumba si ngome: wenye majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya Sh100,000 za wakati huo waliyaona yakitwaliwa na serikali mwaka 1971.)

Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haihusu bei kabisa. Fedha iliyo kwenye simu huombwa. Shemeji ana msiba, binamu amekwama ada, mchango wa harusi umeletwa na kamati, na mtu aliyezoea kusema ukweli hawezi kusema hana wakati anayo. Tofali lina sifa moja ambayo akaunti haina: halikopesheki. Linamsaidia mwenyewe kukataa bila kukosana na ndugu. Wanaolicheka rundo la kiwanjani mara nyingi hawajawahi kuwa mtoto wa kwanza mwenye mshahara katika ukoo.

Lakini hicho hicho kinachomlinda ndicho kinachomfunga. Mtoto akilazwa usiku, hospitali haipokei matofali, na anayeyauza kwa haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Hapo ndipo mtu mwenye mali ya mamilioni kiwanjani anapochukua mkopo wa simu wenye ada ya kila siku. Halafu kuna fundi ambaye kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 uliopaswa kutoa matofali 30 hufyatua 50 dhaifu, na kuna kiwanja kisichopimwa ambacho karatasi yake pekee ni ya mauziano iliyopigwa muhuri serikali ya mtaa. Pagale lililosimama miaka kumi na miwili bila bati huitwa uvumilivu na wenyewe, lakini mara nyingi lilianza bila hesabu ya mwisho wake.

Jambo lisilozungumzwa sana ni nani anajua. Rundo la matofali huonekana na mke, mume na watoto wote, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Vipande vilivyonunuliwa kwa simu ya mtu mmoja, chini ya namba yake ya siri, vinaweza kuwa uwekezaji bora kabisa ambao mjane hatausikia kamwe. Kwa hiyo simlaumu mama anayependelea tofali kwa sababu tu anaweza kwenda Jumapili akalihesabu.

Mimi naegemea upande wa vijana kwa nusu ya kwanza ya safari: familia isinunue tofali la kwanza kabla haijawa na matumizi ya miezi mitatu mahali panapotoka fedha kwa siku chache, na mke na mume wote wawili wakijua ni wapi. Baada ya hapo naegemea kwa wazazi, kwa sharti kwamba fedha ikusanywe kwenye vipande hadi itoshe hatua nzima, msingi au lenta au paa, badala ya kununua vifaa vya kuozea mvuani.

Familia moja ninayoifahamu ina daftari la kurasa mbili, mmoja umeandikwa “kiwanja”, mwingine “homa”, na binti wa darasa la sita ndiye anayesoma salio kila tarehe mbili. Mwaka juzi mama alifanyiwa upasuaji. Ukurasa wa homa ulibaki na Sh40,000, ujenzi ukasimama miezi minane kwenye lenta, na hakuna aliyekopa. Sasa wamerudi kazini, na ubishi uliobaki nyumbani kwao ni kama wasubiri bati nene la geji 28 au waezeke na jembamba la geji 30 kabla ya masika.