Kelele ukingoni: karpu anaogopa nini hasa?

Kwa wavuvi wa ndoano wanaomsaka karpu, samaki wa mito na mabwawa, ubishi kuhusu kelele hauishi. Wako wanaonyata tangu wanapolikaribia bwawa, wakaongea kwa kunong'ona na kumkemea kila anayebamiza mlango wa gari. Wako pia wanaowashangaa hao: mbona kwenye mabwawa ya bustani za umma watoto wanapiga mayowe mchana kutwa, na karpu wanakuja kula miguuni pa watu? Pande zote mbili zinasimulia zilichokiona kwa macho. Kwa maoni yangu zinabishana juu ya ukubwa wa sauti, na ukubwa si jambo la kwanza. La kwanza ni njia ambayo sauti imepitia kuingia majini. La pili ni kile ambacho samaki amezoea kukiona baada ya kuisikia.

Wanaodai kimya wana hoja nzito, nayo inaanzia kwenye maumbile ya samaki. Karpu haonyeshi sikio lolote kwa nje, lakini ndani yake kuna mfululizo wa vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Mwanasayansi Mjerumani Ernst Heinrich Weber alivieleza mwaka 1820, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Sauti ikipita majini huitikisa hewa ya kibofu, vifupa vikaufikisha mtikisiko huo sikioni. Ndiyo maana karpu husikia sauti hafifu na nyembamba ambazo samaki wengi wasio na vifupa hivyo hawazipati. Ubavuni ana mstari wa vihisio unaomjulisha msukumo wowote wa maji ulio karibu naye. Na kwa kuwa sauti husafiri majini takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kishindo kikishaingia kwenye bwawa dogo hufika kila kona karibu papo hapo.

Swali ni kama kimeingia, na hapo ndipo sheria ya kunong'ona inapopwaya. Sauti ya hewani ikigonga uso wa maji, karibu yote hurudishwa juu. Kinachopenya ni takriban sehemu 1 kati ya 1,000 ya nishati yake. Wavuvi wawili wanaozungumza kawaida wakiwa wameketi nyasini wanaingiza kidogo mno. Sasa mmoja wao achukue nyundo, apigilie kigingi cha kuegemezea ufito wa kuvulia kwenye udongo mkavu, nusu mita kutoka maji. Kishindo hicho hakina haja ya kupita hewani. Kinashuka na kigingi hadi ardhini, na ardhi imegusana na maji. Ndivyo ilivyo kwa buti zito kwenye gati la mbao ambalo nguzo zake zimesimama majini, au kwa sanduku la vifaa linalobwagwa chini. Penye kina kifupi na tope laini matokeo yanaonekana: vipovu vinavyopanda mfululizo pale karpu anapochimbua tope akitafuta chakula hukatika ghafla, na mara nyingine wingu la matope hutanda pale alipochomoka. Mazungumzo ya kawaida sijayaona yakifanya hivyo.

Hata hivyo nisingemwambia mtu apige kelele apendavyo. Mwaka 1923 mtaalamu wa wanyama Karl von Frisch alichapisha habari za kambare mdogo asiyeona ambaye alimzoesha kujitokeza kila alipopigiwa mluzi. Kambare naye ana vifupa vya Weber, na mluzi ule ulipigwa hewani. Kwa hiyo hata hicho kidogo kinachopenya kinaweza kumtosha samaki mwenye sikio kali aliye karibu. Hali ya maji nayo ina uzito wake. Mto wenye kasi hunguruma wenyewe na kufunika mengi. Bwawa lililotulia alfajiri, pasipo upepo, halina cha kufunika chochote.

Lakini kusikia si kuogopa, na hapa upande wa pili unapata nguvu. Watafiti Wysocki, Dittami na Ladich walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya aina tatu za samaki wa maji baridi wa Ulaya, karpu akiwa mmojawapo. Waliposikilizishwa kelele za vyombo vya majini, homoni ya mfadhaiko iitwayo kotisoli ilipanda kwa aina zote tatu. Waliposikilizishwa mvumo wa mfululizo usiobadilika, haikupanda. Nauona utafiti huu kuwa wa maana kuliko hadithi zetu zote za ukingoni, kwa sababu unaelekeza kwenye kelele inayopandashuka na kuja bila kutabirika. Mayowe ya bustanini ni ya kila siku na hayajawahi kumletea karpu madhara. Mara nyingi humletea mkate.

Ndipo tunafika kwenye kujifunza. Mtafiti J. J. Beukema alionyesha mwaka 1970 kwamba karpu aliyenaswa na ndoano hata mara moja tu huwa mgumu zaidi kunaswa tena. Samaki wa namna hiyo ana uwezo wa kuhusisha jambo na jambo. Sehemu ambayo chambo hurushwa majini kila siku na wengi hukila bila kunaswa, mlio wa chambo kutua majini unaweza kuwaita. Sehemu ndogo inayovuliwa mno, ambako kila mlio wa chubwi kutua majini hufuatwa na mwenzao kuvutwa juu, sauti hiyohiyo inaweza kuwatawanya. Mvuvi anayetoka bwawa la kwanza na yule wa pili watabishana hadi usiku, na wote wako sahihi kwa maji yao.

Kuna kivuli pia, ambacho husahaulika katika mjadala huu. Mtu anayesimama wima ukingoni huonekana na samaki kabla hajatamka neno, na pengine lawama nyingi zinazoitwa za kelele ni za kichwa kilichochomoza dhidi ya anga.

Hesabu za samaki walionaswa nazo hazimalizi ubishi. Anayekaa kimya kwa kawaida ndiye huyohuyo aliyewahi kufika, akayatazama maji kwanza, akarusha mshipi mara chache na kuketi chini. Akinasa wengi, kimya chake ni sababu moja tu kati ya nyingi. Tena samaki aliyeshtuliwa hajatoweka bwawani. Amehamia upande mwingine, na jirani wa huko huenda akamnasa kwa kishindo chako.

Kwa hiyo ningekuwa natunga kanuni za bwawa, nisingeanza na midomo ya watu. Ningekataza nyundo baada ya wengine kuanza kuvua, na kuwataka watu watumie vishikio vya fito vinavyosimama bila kupigiliwa. Magati ya mbao ningeyatandika kitu laini cha kupunguza vishindo. Na sehemu za kina kifupi zenye majani, ambako karpu hutaga mayai maji yanapopata joto, ningezifunga kabisa kwa msimu huo, hata kwa mvuvi mkimya kuliko wote.