Wajenzi wa piramidi hawakuwa watumwa. Je, walikuwa huru?

Wengi wetu tulikua na picha moja ya Misri ya kale: umati wa watumwa wakikokota mawe juani, nyapara ameshika kiboko, Firauni anatazama. Januari 2010 Zahi Hawass, aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale nchini Misri, alitangaza kupatikana kwa makaburi mengine ya wajenzi huko Giza, akasema hayo ni ushahidi kwamba piramidi zilijengwa na wafanyakazi wa kulipwa, si watumwa. Tangu hapo kauli hiyo imekuwa jibu la kawaida. Kuhusu utumwa naikubali. Ila wengi wakishaitoa huishia hapo, kana kwamba asiyekuwa mtumwa lazima alikwenda kazini kwa hiari yake.

Tuanze na yaliyo wazi. Kitabu cha Kutoka katika Biblia, kinachosimulia utumwa wa Waisraeli huko Misri, kinazungumzia matofali na miji ya Pithomu na Ramesesi, hakitaji piramidi hata mara moja. Khufu, mwenye piramidi kubwa kuliko zote, alitawala karne ya 26 KK, na mfalme wa kwanza kuitwa Ramses alikuja zaidi ya miaka 1,200 baadaye. Naye Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK kwamba watu 100,000 walifanya kazi kwa zamu za miezi mitatu, alikuwa mbali na tukio hilo kwa miaka 2,000.

Ushahidi wa Giza kwenyewe ni mzito. Kusini mwa Sphinx, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, mwanaakiolojia Mark Lehner na wenzake wamefukua mji wa wajenzi wa wakati wa Khafra na Menkaure, wafalme waliokuja baada ya Khufu, wenye matanuri ya mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Makaburi yaliyoanza kupatikana mwaka 1990 yana mifupa ya watu waliovunjika mikono na miguu, wakatibiwa, wakapona. Mtumwa wa kutupwa hazikwi jirani na mfalme. Zaidi ya hayo, vikosi vya kazi viliandika majina yao kwa rangi kwenye mawe, mengine katika vyumba vilivyozibwa juu ya chumba cha kaburi la Khufu, mahali ambapo hakuna aliyetarajiwa kuyasoma. Kikosi kimoja cha Menkaure kilijiita Walevi wa Menkaure. Sioni jinsi ya kuyaeleza majina hayo bila kukubali kwamba watu wale walijivunia kazi yao.

Kisha kuna Merer. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya mwanaakiolojia Pierre Tallet ilipata mafunjo (karatasi za matete) ya kale kuliko yote yenye maandishi yanayojulikana. Humo mna kumbukumbu za kila siku za mkuu huyo wa kikosi cha mabaharia: leo tumepakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, kesho tumelala njiani, keshokutwa tumefika Giza, mara mbili au tatu kila siku kumi. Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba, anatajwa kama msimamizi mkuu. Hiyo ni serikali yenye makarani, maghala na posho.

Lakini tuutazame ushahidi huo tena. Waliopata makaburi Giza ni mafundi na wasimamizi waliokaa pale mwaka mzima. Mkulima aliyeletwa kwa zamu kutoka kijijini alirudi kwao, akazikwa huko. Nyama na tiba zinaonyesha kwamba serikali ilitunza nguvu kazi yake, hazionyeshi kama mtu aliweza kukataa kwenda. Na ule mgomo maarufu wa Deir el-Medina, wakati mafundi wa makaburi ya wafalme walipoacha kazi kwa kucheleweshewa nafaka, ulitokea mwaka wa 29 wa Ramses III. Kuutumia kueleza enzi ya Khufu ni kuruka miaka 1,400.

Aliyeweza kukataa ni nani? Hapa jiografia inasema mengi. Misri ilikuwa ukanda mwembamba wa shamba uliobanwa na jangwa pande zote mbili. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia zilifurisha Nile kuanzia Julai, mashamba yakafunikwa na maji hadi Oktoba hivi, na mkulima akabaki bila kazi wakati huohuo ambao mashua zenye mawe ziliweza kusogea karibu kabisa na eneo la ujenzi. Husemwa kwamba msimu huo uliwapa watu nafasi ya kujitolea. Mimi naona uliipa serikali nafasi ya kuwaita. Serikali hiyo ilihesabu hata mifugo, na kukimbia kulimaanisha kuingia jangwani.

Kuna hati inayonishawishi zaidi ya mifupa. Neferirkare, mfalme wa nasaba ya tano, alitoa amri kwamba makuhani wa hekalu la Abydos wasichukuliwe kufanya kazi za serikali. Msamaha hauna maana kama wito wenyewe ni wa hiari. Hii ni shokoa, kazi ya lazima ya raia, hata kama ilikuja na mkate na bia. Karne kadhaa baadaye, mnamo 1800 KK, orodha ya mafunjo inataja waliotoroka wito huo, na jamaa zao walioshikiliwa hadi watoro warudi. Matajiri nao walianza kuzikwa na visanamu vyenye maneno ya kuitika kwa niaba ya marehemu pindi atakapoitwa kulima au kusomba mchanga ahera.

Watumwa pia walikuwepo. Jiwe la Palermo, bamba la kale lenye kumbukumbu za wafalme, linasema Sneferu, baba yake Khufu, aliteka watu 7,000 Nubia. Hata tukipunguza majigambo, mateka hao walipelekwa mahali fulani. Lakini uzito wa mawe milioni mbili na ushei uliwaangukia wanakijiji wa Misri, na uliendelea kuwaangukia kadiri wafalme walivyozidi kuyasamehe mahekalu. Sababu za piramidi kupungua ukubwa ni nyingi, na misamaha hiyo naihesabu miongoni mwake: ile ya Unas, mfalme wa mwisho wa nasaba ya tano, haikufikia theluthi ya kimo cha ile ya Khufu.