"Afadhali wewe"

Kuna watu ukiwaambia kichwa kinakuuma, wao wana uvimbe. Hujamaliza hata sentensi, ushanyang'anywa maumivu yako.

Juzi nilimwambia rafiki yangu kwamba tangu tumzike baba sipati usingizi. Nikavuta pumzi ili niendelee. Wapi! "Afadhali wewe, mzee wako alikula chumvi nyingi. Wangu alifariki nina miaka 9." Akaanza: alivyolelewa, alivyodhulumiwa, nani alimgeuka. Nusu saa nzima. Mwisho wa yote ni mimi niliyekuwa namshika bega, namtafutia kitambaa cha kufutia machozi. Msiba wangu nikarudi nao vilevile nilivyokwenda nao.

Sisemi yake ni madogo. Ni makubwa, na siku nyingine ningemsikiliza hata usiku kucha. Lakini siku ile zamu ilikuwa yangu, jamani!

Na Kiswahili kimeshaturahisishia kazi. "Pole" ina herufi 4 tu: mtu akijikwaa, pole, akiugua, pole, akifiwa, pole. Haihitaji uwe na hatia, wala haihitaji ushauri. Unaitamka, kisha unanyamaza. Hapo penye kunyamaza ndipo penye mtihani, maana wengine wakishindwa kuhadithia ya kwao watakutupia "jikaze", huku kidole gumba kikiendelea kupandisha picha kwenye simu.

Jana kanipigia, eti: "Mbona siku hizi umekuwa kimya?"