Elfu Moja Ilikuwa ya Kupanda

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi hapa Kigoma na ni shabiki wa Yanga tangu utotoni. Ninayaeleza haya mwenyewe kwa sababu mtaani kwetu yamekwisha kuelezwa mara nyingi na watu ambao hawakuwapo juu ya mwembe ule, na kila mmoja wao ametia chumvi kwa kipimo chake.

Msimu wa 2020/21, Kombe la Shirikisho la Azam, ambalo wengi wetu tunaliita Kombe la FA, lilitujia sisi watu wa mwisho wa reli kwa namna ambayo hatukuizoea. Mashindano yenyewe ni ya mtoano, ukifungwa unafungasha, na fainali yake huhamahama mikoani: mwaka uliotangulia ilichezwa Sumbawanga, Simba wakaifunga Namungo mabao 2-1. Safari hii nusu fainali moja ilipelekwa Songea, ambako Simba waliiondoa Azam kwa bao la Luis Miquissone, na nyingine ikapigwa kwa jirani zetu wa Tabora, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ambako Yanga tuliitoa Biashara United kwa bao la Yacouba Songne. Fainali ikapangiwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021, watani wa jadi ana kwa ana, mwendo wa miguu tu kutoka nyumbani kwangu. Tena tarehe 3 ya mwezi huohuo tulikuwa tumewafunga Simba 1-0 katika ligi kwa bao la Zawadi Mauya, na ingawa ubingwa wa ligi waliuchukua wao, mimi nilitembea kifua mbele wiki zote tatu kana kwamba mpira ule niliupiga mimi.

Kifua hicho ndicho kilichoniponza. Walimu wenzangu walipokuwa wakihangaikia tiketi, nilitamka mbele ya ofisi nzima kwamba kukimbilia tiketi ni mambo ya wageni, na kwamba mwenyeji hununua mlangoni akiwa ametoka kuoga na kula. Nikaenda sokoni Mwanga kwa fundi, nikashonewa koti la kijani lenye kola ya njano. Mama watoto, ambaye ni Simba wa kimyakimya, nilimwagiza akae mbele ya televisheni na jirani zake, na kamera ikipita jukwaani walitafute koti hilo.

Siku yenyewe nilioga, nikala ugali kwa migebuka, nikatoka bila haraka. Barabarani nilikutana na watu ambao sijawahi kuwaona Kigoma hii, wengine wameshuka kwenye treni na mabegi yao bado mgongoni, na nilipofika dirishani tiketi za bei niliyoiweza zilikuwa zimekwisha. Nilisimama pale kwa muda nikijifanya ninamsubiri mtu. Kurudi nyumbani sikuweza, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mashahidi.

Ndipo kijana mmoja akanigusa bega kwa adabu nyingi. "Shikamoo Mwalimu. Juu kuna nafasi." Nilimfundisha darasa la nne. Alinipeleka uani kwao, nyuma ya uwanja, penye mwembe mkubwa ulioegemezewa ngazi ya mbao, na nauli ya ngazi ilikuwa shilingi 1,000. Nililivua koti langu lisichanike, nikalitundika kwenye kipago cha chini pamoja na viatu vyangu, nikapanda. Nimekuwa mwanachama wa tawi la Yanga kwa miaka mingi, lakini siku ile ndipo nilipolikalia tawi kwa mara ya kwanza.

Juu nilikuta wenzangu wanne: dereva wa bajaji, muuza dagaa, kijana kutoka Kasulu mwenye redio ndogo, na mzee mmoja aliyefunga vifungo vyote vya koti jeusi hadi kidevuni pamoja na joto lile. Kutoka pale tuliona nusu ya uwanja na goli moja, na nusu ya pili tuliikamilisha kwa redio, isipokuwa redio ilichelewa kidogo, kwa hiyo mpira ulipovuka katikati ulipotea kabisa, kisha tukausikia ukirudi wakati tulikwisha kuuona. Simu ikaita.

"Tunalitafuta koti hatulioni," akasema mama watoto. "Umekaa wapi?"

"Niko juu."

"Juu jukwaani?"

"Juu zaidi," nikajibu, nikakata, na hapo sikusema uongo.

Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wetu alitolewa kwa kadi nyekundu. Tukio hilo lilikuwa katika nusu yetu isiyoonekana, jambo ambalo halikumzuia yeyote kati yetu kumlaumu mwamuzi kwa uhakika wa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka pale. Mzee wa koti jeusi peke yake hakusema neno, nami nikamwona kuwa ni mtu mwenye majonzi makubwa kuliko yetu.

Kipindi cha pili, Yanga tukiwa kumi, niligundua kwamba mwembe una wenyewe. Majimoto, wale wadudu wekundu wanaoshona viota kwa majani mabichi, walikuwa wamemaliza kikao chao na kuafikiana kuhusu mguu wangu wa kushoto. Asiyewahi kung'atwa na majimoto akiwa ameshikilia tawi kwa mikono yote miwili asinicheke, maana hapo unatakiwa kuchagua kati ya kujikuna na kuishi. Nilisema kwa sauti kwamba hata wadudu wa mti huu ni Simba, wenzangu wakacheka, na wadudu wakapanda hadi mgongoni. Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi, Simba wakapata kona, safari hii kwenye goli letu linaloonekana, bao pekee la fainali nzima likiwa njiani kuja mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimeingiza kichwa ndani ya shati nikimtafuta jimoto aliyefika kwapani.

Nilisikia uwanja ukilipuka. Taddeo Lwanga alikuwa ameunganisha kona ile kwa kichwa. Nilipotoa kichwa changu, mzee wa koti jeusi alikuwa amevifungua vifungo vyote, ndani mna jezi nyekundu, naye anarukaruka juu ya tawi lililobeba watu watano. Redio ya kijana wa Kasulu ikaanguka, na ikiwa chini ndipo nayo ikatangaza bao.

Filimbi ya mwisho ilipolia tukatazama chini, na ngazi haikuwapo.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Kule barabarani vijana wa Simba walikuwa wanazika Yanga, kama ilivyo desturi ya utani wetu, na mazishi yanahitaji jeneza. Ngazi ya mbao, ikibebwa na watu sita mabegani, haina tofauti na jeneza kwa mtu mwenye furaha. Juu yake walikuwa wamelitandaza koti langu la kijani, kola ya njano upande wa kichwani, na viatu vyangu vimepangwa miguuni kwa unadhifu ambao marehemu wengi hawaupati. Mzee wa jezi nyekundu alilia, sijui kwa furaha au kwa kukosa mazishi hayo, kwani naye alikuwa juu pamoja nasi.

Giza lilipoanza kuingia akatoka bibi mwenye nyumba na kibatari. Nilimwamkia shikamoo kutoka juu, hali ambayo adabu haikuiwekea utaratibu.

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta nini huko na maembe ni ya Desemba?"

Tukamweleza. Kumbe habari za shilingi elfu moja hakuzijua, na maua ya mwembe tuliyoyapukutisha aliyahesabu moja kwa moja kuwa ni maembe. Tulikuwa bado katika mashauri hayo jeneza liliporudi. Mjukuu wake, yule kijana wa ngazi, akaiegemeza mtini, akanirushia koti langu, kisha akasimama mbele ya kipago cha kwanza.

"Mwalimu, elfu moja ilikuwa ya kupanda."

Nilimkumbusha mimi ni nani. Akasema anakumbuka vizuri, na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kuwa kujumlisha na kutoa ni hesabu mbili tofauti. Nilitia mkono katika mfuko wa koti, nikakuta sarafu ambazo sikuziweka mimi: waombolezaji walikuwa wamechanga rambirambi njia nzima. Nikampa zote. Alizihesabu mara mbili kwenye mwanga wa kibatari, kwa utulivu niliomfundisha mwenyewe, akasema zimepungua mia mbili.

Bibi ndiye aliyenikopesha.