Sijaposwa jamani, ni viza

Kwa wale mlioisikia vois noti ya shoga yangu, SIJAPOSWA. Na nyie mnaonitumia hongera, hebu tulieni nihadithie mwenyewe.

Mnajua mie nahangaikia ile viza ya Ureno ya watu wa kazi za mtandaoni, D8, ilianza 2022. Wanataka uwe unaingiza mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kwao, kwa hesabu ya 2025 ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi, mie nina 3,500, yaani nimepita na hela ya vocha. Halafu cheti cha tabia njema, bima, pa kulala, na barua ya mwajiri kwamba anaridhia ufanyie kazi huko. (Wareno hawa hawa waliokuja kwetu Zanzibar bila hodi wakakaa karibu karne mbili, leo wananiuliza mie ntalala wapi!)

Basi juzi niko Zoom na bosi, Muingereza, tunaongelea hiyo barua, na mwenzetu mmoja wa Mombasa yumo. Nimekaa sebuleni maana ndiko intaneti inakoshika, huku shoga ananichora hina, kuna harusi ya binamu. Mikono yote miwili mibichi.

Mama akaingia na chetezo.

Kumbe mtaani ashaambiwa kuna mzungu ananichukua Ulaya. Akakiweka chetezo pembeni ya laptopu, akajitanda kanga vizuri, akakaa ubavuni kwangu, akamtazamaaa bosi. "Ndiye huyu?"

Kitufe cha kuzima maiki nakiona kile pale. Nanyanyua kidole, hina inataka kudondokea kibodi. Namkonyeza shoga anisaidie, kaziba mdomo, mabega yanamcheza.

"Mbona peke yake? Hana wazee?"

Yule wa Mombasa akaona si adabu kukaa kimya. "Shikamoo mama."

"Marhaba mwanangu. Wewe ndiye mshenga?"

Nikamkazia macho, namuomba kwa kope. Yule bwana, Mungu anamuona, akajibu: "Ndio mama."

Bosi anauliza, mama anasema nini? Mshenga wangu akamwambia anaulizia mambo ya pesa. Bosi maskini akadhani mama ana wasiwasi na maisha yangu, akasogea kwenye kamera, akataja polepole kama anamsomea mtoto, elfu tatu na mia tano, euro. Mama kawauzia watalii viungo Darajani miaka na miaka, namba za kizungu hazimpiti. Bosi akaongezea: kila mwezi.

"Mahari ya KILA MWEZI?"

Wallahi kile kigelegele! Jirani wa juu akaitikia wala hajui kuna nini, wa chini naye akapokea, moshi wa udi umejaa kwenye kamera, bosi anapiga makofi.

Barua imekuja, faili nimeshapeleka, yaishe. Mama nimemueleza kaelewa nusu, sasa hivi anataka kujua yule mshenga wa Mombasa kaoa au bado.